Aliniletea Mama Yake Awe Chanzo

Leo mtu ametoka Mbale hadi Jinja kuniletea mama yake kama ushahidi.

Mnajua huwa najitolea kukagua makala za ensaiklopidia ya mtandaoni.

Bwana mmoja anayeishi Namakwekwe, huko Mbale, aliandika kwamba yeye ndiye aliyechimba kisima cha kijiji alikozaliwa, Budondo, huku Jinja. Nikamjibu kwa adabu: "Makala nzuri, ila weka chanzo."

Kumbe alinuna.

Mchana akaingia dukani kwangu Mafubira, anwani niliyoiweka kwenye wasifu wangu, suti imenyooka, mama yake nyuma kambebea mkoba.

"Ulitaka chanzo. Huyu hapa."

Nikamsomea mama makala yote. Akamgeukia mwanawe.

"Kile kisima alikichimba marehemu baba yako. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu."

Sikumwonea huruma hata kidogo.

"Basi bwana, turekebishe," nikasema. "Tuandike jina la mzee."

Mama akaanza kunitajia, polepole, nisikosee. Jamaa akamkatiza: "Kama ni hivyo, futa yote."

Mama akainamisha macho.

Nimefuta jina moja tu, la huyo mwenye suti.

Haya, niambieni: mtu wa hivi unamwandikia maoni gani?