Mgeni wa Padri na kiwiko chake

Jamani, leo nimemfundisha bingwa wa Ulaya kurusha mpira wa kikapu.

Sikujua ni nani.

Nilikuwa nawafundisha kikapu mabinti wangu wa sekondari kwenye uwanja wa parokia, hapa Sumbawanga mjini. Akaja mzungu mrefu mwenye mvi, mgeni wa Padri. Akavua sweta, akaomba mpira, akarusha, akakosa.

Nikamhurumia. Nikaenda kumshika kiwiko.

"Kiwiko ndani, mzee, halafu kunja magoti."

Akatii kabisa. Akarusha, ukaingia. Nikampigia makofi, tena nikamwambia, "Unaona? Ukifanya mazoezi utaweza."

Padri, pale pembeni ya uwanja, alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko. "Mwalimu, huyu amecheza kikapu cha kulipwa Ulaya miaka kumi na saba. Ana vikombe vya ubingwa."

Mimi natafuta pa kuuficha uso.

Mzee akacheka, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Kocha wangu wa kwanza alinishika hivi hivi. Wewe mwalimu mzuri."

Kisha tukacheza, mimi na yeye dhidi ya mabinti. Akanipa pasi bila hata kuniangalia.

Nikafunga.

Washikaji, kuanzia leo mkinikuta sokoni, ni shikamoo kwanza.