Chai ya Chupa Nyekundu

Majina yao wote ninayo kichwani, hata la mbuzi wa jirani, lakini mjukuu wangu kasema nikitaja hata moja hanipikii tena. Basi tutakwenda hivihivi.

Mjukuu huyu alifanyiwa upasuaji, kibofu chake kikaongezwa kwa kipande cha utumbo wake mwenyewe. Daktari alitueleza tukaelewa: utumbo hata ukihamishwa hausahau kazi yake, unaendelea kutoa ute. Ute ukilala kibofuni hugeuka jiwe. Na jiwe moja walishamtoa. Kwa hiyo anywe maji mengi, na kila jioni asafishe kibofu kwa mrija, kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa.

Sasa nenda kamwambie mtu wa Njombe anywe maji mwezi wa saba, baridi ikiwa kali. Kwetu mgeni hupewa chai. Maji ni ya ng'ombe. Alipokuja likizo kutoka Makambako, anakouza vitenge kwenye duka la mama mmoja wa Kiislamu, nikaona hata yale ya kusafishia anayakwepa.

"Bibi, yana baridi mpaka kwenye ubongo."

"Na kisu cha daktari kina joto?"

Nikawa nayachemsha mchana, natia chumvi kwa kipimo alichopewa, namimina kwenye chupa nyekundu ya chai, yapoe polepole hadi jioni yawe vuguvugu. Kisingizio kikaisha.

Siku moja bosi wake alikuja Njombe kufuata mzigo, akapita kumjulia hali, mkononi kabeba tende. Jirani yangu, mwenye haraka kuliko mimi, akaingia jikoni, akakuta chupa nyekundu ina maji moto, akatia majani na sukari, akaleta. Mgeni akapiga funda, kisha akanywa hadi chini. Chai ya watu hairudishwi, hata kwao.

"Chai ya Njombe nzito," akasema taratibu.

Nikaonja yangu: chumvi! Mjukuu akaniangalia usoni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hapo ikabidi aseme yote, kwa sababu kule dukani alikuwa ameficha habari za kibofu. Alikuwa hanywi maji kazini, asije akaonekana kila mara yuko chooni.

Yule mama akaweka kikombe chini.

"Unakaa na kiu ili wakupasue tena, kisa mimi? Choo kile nimekijenga mwenyewe, mwanangu. Hakiishi kwa kutumiwa."

Siku hizi kuna dumu la maji chini ya kaunta, na simu yangu ikilia jioni ni bosi: "Bibi, kanywa, na sasa hivi namfukuza akajisafishe." Picha ya mwisho ya kibofu haikuwa na jiwe. Mama huyo akija kwangu bado nampa chai, naye hunywa. Ila kwanza huuliza imetoka chupa ya rangi gani.