Mashini Iliyokuwa na Mashaka

Mimi ndiye ninayepima mawe ya shaba kwenye depo moja ya kununua madini pale Mutoshi. Wiki nzima nilikuwa nazama kwenye video za filozofia, hadi nikajiona mwenye hekima. Basi juzi Mama Kapinga alipoleta gunia lake, nikamwuliza mbele ya wachimbaji wote:

"Mama, unajua je kama hii ni shaba? Macho inadanganyaka!"

Nikaelekeza mashini ya kupimia kwenye jiwe. Kioo kikabaki cheusi. Badala ya kushtuka, nikapaza sauti:

"Munaona? Hata mashini inakubali haijue kitu!"

Wachimbaji wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama Kapinga akafuata waya wa mashini kwa macho mpaka ukutani, ulipolala chini ya prizi inayotoa kuran, yaani umeme.

"Tata, macho yangu inadanganyaka, lakini inaona telefone yako njo inakula kuran ya mashini."