Virago ya Papa Deo

Enzi zetu kule Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, pikipiki kubwa ulianza kuisikia kabla hujaiona. Tulikuwa tunapura maharage au tunaruka kamba, mara ule mlio mzito, wa taratibu, unashuka kilima kama mtu anayekoroma kwa raha zake. Tulikimbilia vumbi lake tukiimba. Ilikuwa Virago ya Papa Deo, Mrundi muuza vitenge, aliyeinunua Mbarara ikiwa imeshazeeka.

Baba yangu, fundi kutoka Uvira kule Kongo, alikuwa mtu wa Shado, pikipiki nyingine ya Kijapani, ingawa mwenyewe hakuwa nayo. Kila Jumapili baada ya misa walibishana. Papa Deo alisimulia jinsi Wajapani walivyozitazama pikipiki ndefu za Wamarekani, wakaunda zao, Virago ikatangulia.

"Mwenye kuja nyuma anaona makosa ya wa mbele," Baba alijibu.

Intruda na Vulkani walizitaja kwa dharau, kama timu za daraja la pili. Sisi tulisikiliza huku tunatafuna mahindi ya kuchoma, tukidhani Japani iko mbele kidogo ya Mbarara.

Kiangazi kimoja, asubuhi, Mama akashikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Pikipiki ya jirani iliyokuja kumpeleka hospitali ikakata cheni palepale mlangoni. Baba akaenda kwa Papa Deo mbio, miguu mitupu, kuomba pikipiki.

"Kaka mukubwa, nisaidie na ile moto yako."

Papa Deo hakucheka. "Hii haina cheni, ni kardani, chuma ndiyo inazungusha gurudumu. Na kiti iko chini, mama atapanda bila shida."

Wakamweka Mama katikati yao. Niliwafuata nikilia mpaka vumbi likawameza. Walipita Kabingo, wakapita Masha, na mdogo wangu akazaliwa hospitalini Mbarara, mzima. Baba aliporudi alitukusanya: "Batoto, Virago ni moto ya kweli."

Jumapili iliyofuata akaanza upya: "Lakini Shado ingefika mbele!" Wakacheka mpaka machozi.

Papa Deo alisharudi Burundi. Baba anazeekea Nyamitanga, pale Mbarara, masikio yamekufa. Vijana wa leo wana spika kwenye pikipiki, muziki unafunika injini. Sisi tulijua jina la kila pikipiki, na ukoo wake. Juzi nilimuuliza kijana wa bodaboda aliyenibeba, pikipiki yake inaitwaje.

"Tantine," akasema, yaani shangazi, "ni boda tu."