Jamaa Aliyesimama Nyuma ya Steringi

Harufu ya karafuu hunijia kila mara jirani yangu, fundi cherehani Mkongo, anapojikanda magoti kwa mafuta yake chumbani kwake hapa ugenini, Bellevue. Mafuta hayo hayo mama alimpaka mdogo wangu kifuani siku alipolala na homa, nami nikaenda sinema peke yangu.

Mdogo wangu hakuwa na habari na steringi, shujaa wa picha. Alimpenda mzungu mmoja mnene, ambaye katika kila filamu alikuwa dereva, au mhudumu wa baa, au askari wa kufa mapema. Wenzetu walimcheka.

"Ngojeni tu," alikuwa akiwajibu. "Siku moja watampa kazi ya maana."

Siku ile walimpa. Yule mnene aliingia kwenye moto, akamtoa steringi akiwa amembeba mgongoni, na ukumbi mzima tukasimama tukipiga miluzi.

Nilirudi nyumbani bado nina kinyongo, maana asubuhi mama alinizaba kofi kwa ajili ya mdogo wangu, ingawa nilijua kosa lilikuwa langu. Mdogo wangu akajiinua kwenye mkeka.

"Kaka, jamaa yangu yumo?"

"Hayumo. Wamemfukuza. Kazi haiwezi."

Akageukia ukutani. Nilipanga kumwambia kweli akishapona. Hakupona.

Juzi, kwenye televisheni ya jirani, yule mnene alipita na trei ya vikombe. Nikainuka kitini.

"Papa, uyu mutu unamujua?" jirani akaniuliza.

"Simjui," nikasema, nikaketi.