Kelele Iliyotoka Kwa Shangazi

Saa tatu asubuhi, pikapu ya kituo cha darubini ya redio inatambaa mtaani. Dereva, mwanamke mwenye mikono ya fundi, anaelekeza antena dirishani, nyumba baada ya nyumba. Spika ndogo inakwaruza: kra, kra, kra.

"Tumekaribia!" anajisemea, macho yakimng'aa.

Wenzake humwita Sikio. Kazi yake ni kusaka vifaa vinavyotoa mawimbi ya redio na kulivuruga dishi kubwa la kituo. Leo hakuna mzaha: saa tano, dishi hilo na mengine ya nchi za mbali yataelekezwa pamoja kwenye kitovu cha galaksi moja, ambako shimo jeusi linafyatua mkondo wa gesi kwa kasi inayokaribia ya mwanga.

"Mawimbi yake yakifika hapa ni mnong'ono tu," anawaeleza wanaomchungulia njiani. "Na mnong'ono hausikiki kando ya mashine ya kusaga."

Mkwaruzo unapanda. Sikio anakanyaga breki, anaduwaa, kisha anacheka hadi machozi.

"Haki ya Mungu! Kwa shangazi!"

Ni shangazi aliyemlea. Katika chumba cha nyuma kuna mashine ya kutotolea vifaranga. Swichi yake ya joto imechakaa, inatoa cheche kila ikijiwasha.

"Shikamoo, shangazi. Naomba tuizime mpaka alasiri."

"Marahaba. Tuzime? Wameanza kudonoa maganda! Wafe kwa ajili ya nyota?"

"Hawafi. Nitawaatamia mwenyewe."

"Wewe? Hata chai uliwahi kuiunguza!"

Lakini mashine inazimwa, na mablanketi yanatoka kabatini. Shangazi anachemsha maji jikoni, Sikio anajaza chupa na kuzipanga kando ya mayai, zikipoa anabadilisha. Spika imenyamaza kimya.

Alasiri, mtafiti mkuu wa kituo anaingia akihema. "Safi! Hakuna hata mkwaruzo!"

"Shhh," shangazi anamkemea. Kifaranga wa kwanza, amelowa chapachapa, anajitoa kwenye ganda. Watu wazima watatu wanashangilia kama watoto.

Miezi michache baadaye, swichi ni mpya. Sikio ameifunga mwenyewe. Picha nayo imetoka: mkondo mwembamba, na juu yake kifundo king'avu ambacho hakikuwapo mwaka jana.

"Mwakani wanatazama tena, wajue kimesogea kiasi gani," anasema. "Miaka yote wakitazama, mimi niko barabarani. Safari hiyo nautuliza mtaa mapema, halafu naingia kituoni, nakaa kiti cha mbele nitazame nao. Na shangazi kasema tunakwenda wote."