Siku Moteri ya Papa Ilimutosha Bibi Arusi Inje

Musicheke kwanza, mungojee mwisho, juu hata mimi mwenyewe sasa ninacheka, lakini bado nikipita mbele ya ile nyumba ya mashini ninainamisha kichwa kama muntu mwenye kutafuta sindano.

Kwetu Mushaki neno moteri linafanya kazi kunipita mimi. Pikipiki ni moteri, grupe ya kanisa yenye kutoa umeme ni moteri, na moteri kubwa kabisa ni ile ya Papa, yenye kusaga muhogo na mahindi ya kilima kizima. Tena kulikuwa ingine, dada yangu Furaha, mwenye Mama alikuwa anaita "moteri ya hii nyumba", juu akiamuka yeye, maji inakuja, moto inawaka, ngombe zinakamuliwa, na hata mimi ninatoka ku kitanda (mimi ni muntu wa kukaa, sifichi, safari ya kushuka mpaka Sake inanichokesha kwa kuifikiria tu).

Basi, wakwe wakatoka Walikale kuleta mali ya kumuoa Furaha. Desturi munaijua: binti anafichwa ndani, hakuna mwenye kumuona mpaka wakwe watoe mbuzi ya kufungua mulango. Akitoka mbele ya mbuzi, watasema alijipeleka mwenyewe, na Papa atabeba hiyo haya mpaka kaburini. Asubuhi Papa alisema neno moja tu: "Leo hakuna kitu kinatoka mu hii nyumba mbele ya mbuzi." Kisha akanipa kazi yangu: muziki.

Sasa moteri ya Papa iko na mikaba mbili, ile mikanda ya mupira, moja inazungusha mashini, ingine inazungusha dinamo yenye kutoa umeme. Ukitaka muziki, unatosha mukaba wa mashini, unauweka kando, unabakisha wa dinamo. Lakini ule mukaba ni mugumu, unachafua mikono, na mimi nilikuwa nimevaa shati nyeupe. Nikajiambia: aa, mashini itazunguka bure, itaumiza nani? Njo pale. Njo pale kabisa niliharibu.

Sikuchungulia juu. Mama alikuwa ameisha kujaza mashini muhogo wa bugali ya wageni, na kile kitambaa cha kufunga ku mudomo wa mashini, chenye kupokea unga, Furaha alikuwa amekifua, kiko kinakauka inje ku lupango ya miti. Mudomo wa mashini unaangalia mulango, mulango unaangalia kiwanja, na mu kiwanja, mbele kabisa, ku viti ya heshima, wakwe.

Nikazungusha chuma, moteri ikakohoa, ikashika. Muziki ikatoka vizuri, nikaanza hata kucheza kidogo (mabega tu), kisha nikasikia kelele za watu, nikafikiri wanafurahi. Kugeuka, kiwanja hakuna! Iko wingu nyeupe tu, na ndani yake vikohozi na kofia moja.

"Zima!" Papa akalia.

"Papa, inakataa!"

Nikavuta hiki, nikasukuma kile, moteri ikaongeza mbio. Mara muntu akanipiga kiwiko, akashika kachuma kadogo ka kufunga mazutu, mafuta ya moteri, akakavuta, kukawa kimya. Alikuwa Furaha, na vitenge vyake vya arusi. Unga ukashuka polepole, na wote wakamuona, amesimama ku mulango wa nyumba ya mashini.

Musemaji wa wakwe akapangusa macho, akasema na upole wenye kuumiza: "Tunashukuru. Binti ameisha kutoka yeye mwenyewe, tumemuona. Mbuzi tutarudi nayo."

Papa akakaa chini kama mufuko wenye kumwangika. Furaha akalia, machozi ikachora njia mu ule unga, na mimi nilitamani mashini inisage.

Njo pale shangazi ya bwana arusi, mama munene, mweupe mpaka ku kope, akacheka mpaka kiti kikalia, akamugeukia musemaji.

"Weye, umemuona nani? Sisi tulipanda hii milima yote kutafuta binti mweusi. Huyu ni muzungu, mimi simujui! Mumurudishe, mumwoshe, mumufiche. Na weye leta ile mbuzi, iko inakula kofia ya mukwe!"

Kiwanja kizima kikapasuka. Mbuzi ikatolewa, Furaha akatoka mara ya pili, na watu wakapiga vigelegele kama hawajamuona hata siku moja. Bugali tu njo ilichelewa, juu muhogo wote tulikuwa tumeuvaa.

Wakati wa kupanda pikipiki ya kwenda kwake, Furaha alinikumbatia, akaniambia mu sikio: "Kaka, mukaba."

Siku hizi njo mimi ninachota maji, ninawasha moto, ninakamua. Mama ananiangalia, anasema: "Moteri ya zamani, inashika ukiisukuma." Na nimeapa, muziki ikuwe ya arusi ao ya kanisa, ninaanza na mukaba. Juzi Furaha alipiga simu, hakusalimia hata: "Umeutosha?" Nikamujibu, dada, siku hizi ninautosha hata moteri ikiwa inalala. Akacheka, simu ikakatika, na nyumba ikabaki kimya sana. Nikashika bidoni ya kuchotea, nikaenda ku maji.